Sura ya Sita: Migongo na Mabonde ya Uluguru

Ukimuuliza Mluguru ni mbali kiasi gani kutoka Morogoro mjini hadi kilele cha Bondwa, atakujibu kwa saa, tena atakutazama miguuni kwanza ndipo ataje idadi. Kilomita hazitaji, na hata akizitaja hazitakufaa kitu. Kilomita ni za barabara ya Dar es Salaam. Mlima una hesabu yake.

Hesabu hiyo iliwahi kuandikwa na Mskoti mmoja mpenda milima, William Naismith, mwaka 1892. Kwa vipimo vyetu inasema hivi: hesabu saa moja kwa kila kilomita tano za kutembea, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Mji wa Morogoro uko kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na Bondwa inapita mita 2,100. Tofauti ni kama mita 1,600. Hata njia ingekuwa ya kilomita kumi tu, saa mbili za tambarare zinageuka saa nne na dakika arobaini, na hapo hujapumzika, hujateleza, hujasimama kusalimiana. Uluguruni salamu peke yake hula nusu saa ya safari. Ukiwapita wazee bila shikamoo ili kuokoa muda, habari zako zitafika kitongoji kinachofuata kabla yako.

Kanuni ya Naismith ina tundu moja kubwa: mteremko hauhesabu kabisa. Mtu akishuka, kwake ni kama anatembea uwanjani. Nina hakika hakuwahi kushuka Uluguru mwezi Aprili.

Safu hii haikukaa kama Kilimanjaro. Kilimanjaro unaanza chini, unapanda, unafika. Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya, ikapita Upare na Usambara, ikaja Nguru na Uluguru, ikaishia Udzungwa. Miamba yake iliiva kwa joto na mkandamizo chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita. Baadaye ikapasuka, ikainuliwa, na tangu hapo mvua inayotoka Bahari ya Hindi haijaacha kuichimba. Maji hufuata nyufa. Ufa umekuwa korongo, korongo limepata kijito, na kati ya korongo na korongo umebaki mgongo. Kutoka kituo cha mabasi cha Msamvu unaona mlima mmoja mrefu wa rangi ya bluu. Ukiingia ndani unakuta ni vidole vya mkono uliotanuliwa, na njia za wenyeji zinakata kidole baada ya kidole.

Watalii wengi hufuata kidole kimoja hadi juu, hupiga picha, hurudi walikotoka. Huko nako ni kutembea, sikatai. Ila siku ngumu ya Uluguru, na mimi nasema ndiyo siku nzuri, ni ya kupanda kwa mgongo mmoja na kurudi kwa kukatiza mabonde, kwa sababu watu, maji na mashamba, yaani yote yanayoufanya mlima huu uwe na habari, yamo mabondeni.

Tunaanza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, giza bado lipo. Kijana anayeniongoza, mzaliwa wa huku juu, amevaa yeboyebo za plastiki na koti la mvua lililochanika begani. Mimi nimevaa viatu vya mlimani vya bei mbaya. Ananiangalia, anatabasamu, hasemi neno. Kwenye begi nina chapati, mayai ya kuchemsha, karanga, chumvi kidogo kwenye karatasi, maji lita mbili na sweta. Sweta huwachekesha marafiki wa Dar, lakini hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi sita na nusu kwa kila mita elfu moja unazopanda. Ukiacha mji kwenye nyuzi 28, juu kule unakutana na 18, na shati lako limelowa jasho, na upepo unavuma.

Njia inapanda jirani na mto Morogoro, ambao mjini unaujua kwa madaraja na nguo zinazoanikwa kandokando yake. Hapa bado ni maji ya kweli, yanaruka juu ya mawe makubwa ya kijivu. Nyumba zinapungua, migomba inaongezeka. Barabara ya zamani ya gari inajikunja na kujikunjua, na mahali fulani waendesha bodaboda hugeuza, kwani kuanzia hapo abiria angetakiwa kuisukuma pikipiki.

Kwenye kona moja, jua likiwa ndiyo kwanza linachungulia, tunakutana na wanawake wanaoshuka sokoni. Ni kama saba, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na mzigo kichwani: kabichi, njegere, ndizi, magimbi, na wa mwisho ana ndoo ndogo ya stroberi iliyofunikwa kwa majani ya mgomba. Tunajibanza pembeni, maana njia ni ya mwenye mzigo. Nikawatazama miguu.

Hakuna aliyekuwa anatua kisigino. Hatua zao ni fupi, fupi kuliko nilivyodhani mtu mwenye haraka angepiga, na goti halinyooki kabisa hata mara moja. Panapokuwa pakali wanageuza nyayo upande, mguu wa chini unatangulia, wa juu unafuata bila kuupita. Shingo haitikisiki. Ngata ya kitambaa iko palepale, mzigo umekaa juu yake, na mazungumzo yanaendelea. Walipofika mahali tambarare wakasimama wote, wakavuta pumzi mara tatu nne, wakaendelea. Katikati ya mteremko hawasimami.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Mnakwenda wapi asubuhi yote hii?”

“Bondwa.”

“Kuna nini huko?”

Swali la haki kabisa. Kijana wangu akajibu kwamba mgeni anataka kuona tu. Bibi akacheka, akaniambia nikate fimbo, akaondoka. Nikakata fimbo. Ushauri wa bure kutoka kwa mtu aliyebeba kilo ishirini kichwani haukataliwi.

Jengo la Morningside linakaa kwenye bega la mlima, wazi kwa upepo. Lilijengwa enzi za Wajerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na mahali palipochaguliwa panajieleza: joto la mji limebaki chini, mji wote unaonekana, na nyuma msitu unaanza kushuka kukulaki. Hao hao Wajerumani ndio walioweka mipaka ya kwanza ya hifadhi ya msitu huku juu. Nilikaa kwenye jiwe, nikala yai na chumvi, nikatazama mashamba.

Mashamba haya yamewahi kuitikisa serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 watawala wa Kiingereza waliona udongo wa Uluguru unavyotiririka na mvua, wakaamua dawa ni matuta ya ngazi. Kila kaya ikatakiwa kuchimba, kwa amri na kwa faini. Kwenye karatasi wazo lilikuwa safi. Ardhini lilikuwa na kasoro ambayo mkulima yeyote wa hapa angeieleza kama angeulizwa: udongo wenye rutuba juu ya miteremko hii ni tabaka jembamba, na ukichonga ngazi unaufukia huo na kuuinua mwekundu wa chini, usioota kitu. Waliochimba wakavuna kidogo kuliko wasiochimba. Tena Waluguru huhesabu ukoo kwa mama, na ardhi ni ya ukoo. Mume anaweza kuwa analima shamba ambalo si la ukoo wake, sasa anaambiwa alijengee ngazi za kudumu. Kwa faida ya nani? Mwaka 1955, mwaka mmoja tu baada ya TANU kuanzishwa, watu walichoka, ghasia zikazuka upande wa Matombo, na mpango ukafa.

Ukipita leo unaona mabaki ya ngazi hapa na pale, nyasi zimeyafunika. Upande wa Mgeta, magharibi ya safu, ngazi bado zinalimwa na mboga zake hufika hadi Dar. Kwa hiyo ngazi zenyewe hazikuwa na laana. Wakulima wa Mgeta walikuwa na soko la mboga na namna yao ya kuzichonga. Wa Matombo walipewa amri.

Juu ya Morningside mashamba yanabana kuelekea msitu, halafu ghafla yanakoma. Mpaka unaonekana kwa macho: huku maharage, huku miti. Tangu mwaka 2008 msitu huu ni hifadhi ya mazingira asilia, sasa uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kuingia ni kwa kibali. Hatua ishirini ndani, sauti ya mji ambayo hukujua kwamba bado unaisikia inakatika.

Huku kupanda ni kupanda. Njia imejaa mizizi, mizizi ina utelezi, na ukungu unapita kati ya miti ukidondosha matone ingawa mvua hainyeshi. Kila shina limevaa kuvu na vijani vidogo. Mbega tuliwasikia kabla ya kuwaona, na tulipowaona ilikuwa mikia tu. Kijana akanionyesha kinyonga dume mwenye pembe tatu puani, kijani kabisa, amesimama juu ya tawi jembamba na mguu mmoja hewani kana kwamba amesahau alichotaka kufanya. Kuna ndege hapa, kichwa cheusi, mgongo wa kijani, tumbo la njano, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa kwenye misitu ya Uluguru. Hatukumwona. Wataalamu huja kutoka Ulaya kumtafuta na wengine huondoka bila kumwona, hivyo sikujisikia vibaya.

Kuhusu Bondwa yenyewe sina mengi. Juu kuna minara ya mawasiliano, uzio na ukungu. Kukiwa wazi unaona kilele cha Lupanga, na upande wa kusini safu inayoendelea kuelekea uwanda wa Lukwangule na kilele cha Kimhandu, kirefu kuliko vyote Uluguru, kinachopita mita 2,600. Sisi tuliona ukungu. Nikavaa sweta, tukala chapati tukiwa tumesimama, tukageuka. Ilikuwa bado saa sita haijafika, na nusu ngumu ilikuwa mbele.

Kushuka kunaumiza kwa sababu ya namna misuli inavyofanya kazi. Ukipanda, msuli wa mbele wa paja unajikunja na kukusukuma juu. Ukishuka, msuli uleule unalazimika kurefuka huku umebeba uzito wako wote, ukizuia usianguke, hatua baada ya hatua. Kazi ya namna hiyo huchana nyuzi ndogondogo za msuli. Huyasikii maumivu siku hiyo. Unayasikia kesho yake, na hasa keshokutwa, unapotaka kukaa kwenye kiti na kukuta ni lazima ujiangushe. Ndiyo maana hatua fupi za wale wanawake zina akili: goti lililokunjwa na hatua fupi hupunguza kishindo ambacho paja linapaswa kukipokea. Nilijaribu. Kwa nusu saa ya kwanza nilijiona mjinga, baadaye nikaona naanza kumkaribia kijana wangu.

Tulipotoka msituni tukaacha njia ya barabara na kukata kuelekea mabonde ya Ruvuma na Choma. Ruvuma hii ni kitongoji cha mlimani, usiichanganye na mto wa kusini. Bonde la kwanza lilikuwa fupi na kali sana hivi kwamba nyumba ya ng’ambo niliiona vizuri, mama akianika mihogo, mtoto akifukuza kuku. Tungeweza kuongea nao kwa sauti ya juu kidogo. Kuwafikia kulituchukua dakika arobaini: kushuka kati ya migomba, kuvuka kijito, kupanda upande wa pili kwa kushika mashina. Halafu mgongo, hatua kumi za tambarare, na bonde lingine linafunguka mbele yako.

Kwenye kijito cha pili nilivua viatu. Maji yalikuwa baridi ya kuuma mifupa, meupe juu ya mawe meusi. Kijana akafunua majani yaliyooza kwenye ukingo, akanionyesha chura mdogo wa kahawia, si mkubwa kuliko kidole gumba. Milima ya Tao la Mashariki ina jamii ya vyura ambao hawatagi mayai majini kama vyura wengine. Jike hubeba watoto tumboni na kuwazaa wakiwa vyura kamili, wadogo kama punje. Ndugu yao, chura wa Kihansi kule Udzungwa, aliishi kwenye ukungu wa maporomoko mamoja tu, na maji yalipochepushwa kwa ajili ya umeme akatoweka porini. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka katika mazingira yake ya asili. Huyu wa kwetu sikuweza kujua ni wa jamii ipi, na kijana alimfunika majani tena kabla sijamaliza kumtazama.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko ilivyotakiwa, nikifuata kwa mawazo njia ya yale maji. Vijito vya upande huu vinaingia Ngerengere. Ngerengere inaingia Ruvu. Upande wa mashariki wa safu, unaotazama bahari, mvua inaweza kupita milimita 2,500 kwa mwaka, na vijito vyake navyo vinaishia Ruvu. Ruvu inapita Mlandizi, ambako mtambo wa Ruvu Juu unachota, na karibu na Bagamoyo, ambako Ruvu Chini inachota, kabla ya kumwagika baharini. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam inatoka hapo. Mwaka 2022 vuli ilipochelewa na Ruvu ikapungua, jiji zima liliingia kwenye mgao, na watu walionunua ndoo kwa bei ya kuruka hawakufikiria hata kidogo kuhusu mabonde ya Uluguru.

Waluguru wenyewe hawakuhitaji mtambo wa maji kulijua hilo. Upande wa mashariki, Kinole, ndiko makao ya Kingalu, cheo kinachorithiwa kwa upande wa mama, mjomba akamwachia mpwa, na sifa kuu ya Kingalu tangu zamani ni mvua. Wakoloni waliona ushirikina. Mimi naona jamii iliyojua ni nani aulizwe mvua inapokosekana, jambo ambalo jijini mpaka leo hatujakubaliana.

Bonde la tatu lilikuwa la Choma. Hapo magoti yangu yakaanza kusema lugha yao, na fimbo ya bibi ikalipa deni lake. Juu ya kijiji kuna maporomoko ya maji, si makubwa, na vijana walikuwa wanaogelea chini yake wakipiga kelele. Njia iliyokauka asubuhi ilikuwa imenyeshewa na wingu moja lililopita, na udongo mwekundu uliolowa hauna huruma kwa kiatu chochote. Kijana wangu alivua yeboyebo, akazishika mkononi, akashuka pekupeku, akitumbukiza vidole vya miguu kwenye tope. Viatu vyangu vya bei mbaya vilijaa matope kwenye meno yote ya soli na vikawa laini chini kama kandambili kuukuu. Nilikaa chini mara mbili bila kupanga. Watoto waliokuwa wanachota maji walijizuia kucheka mara ya kwanza.

Mama mmoja alitukaribisha barazani, akatupa ndizi za kuchoma na maji ya kunawa. Nilimuuliza kama anaichukia njia hii, kuipanda na kuishuka na mzigo mara kadhaa kwa wiki. Alijibu kwamba njia haina tatizo, tatizo ni bei ya kabichi ikifika chini. Mnunuzi wa sokoni anajua kwamba mtu aliyeshusha kabichi kutoka Choma hatairudisha juu, basi anangoja saa nane mchana, jua likiwaka, ndipo anataja bei yake. Hakuna kitabu cha watembezi kinachotaja hilo, na ndilo gumu kuliko mteremko wowote niliokwisha kuueleza.

Tulifika mjini jua linazama. Ukitaka kuijaribu siku hii, nenda kati ya Juni na Septemba, njia ikiwa imekauka. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, waachie wenyeji. Chukua kibali kwenye ofisi ya hifadhi mjini siku moja kabla, na umchukue kiongozi wa huko huko mlimani, maana njia za mabondeni hazina alama na kila mgomba unafanana na mwenzake. Vaa suruali ndefu kwa ajili ya upupu na siafu. Anza gizani. Ukijiona umechoka Morningside, acha Bondwa, hakuna utakachokosa isipokuwa minara. Kata kushoto au kulia, shuka mabondeni, na ukifika Choma usiondoke bila kununua kabichi, tena usiombe ipunguzwe bei.